Meneja Mkenya, mpishi Mkongo na mgomo baridi jikoni: nianzie wapi?

Ndugu washauri,

Shikamooni wakubwa, na habari za kazi kwa tulio rika moja.

Ninasimamia zamu katika hoteli ya wastani hapa Dodoma: vyumba 40, mgahawa, na ukumbi wa mikutano wa watu 80. Tuko wafanyakazi 34. Wengi ni wa hapa hapa, Wagogo na Warangi, wengine wametoka Singida, Iringa na Tabora. Januari bosi alituletea meneja Mkenya, kijana wa miaka 35. Kazi anaijua. Chakula kinachotupwa kimepungua, na hakuna tena mgeni anayefika akakuta chumba chake kimeuzwa. Lakini watu hawamtaki. Anaingia na "nipe funguo", "leta hiyo ripoti", na mtu akikosea mapokezi anamsahihisha pale pale mbele ya wageni. Mwisho wa kikao anauliza "tumeelewana?", wote tunaitikia ndiyo, kisha kazi haifanyiki. Wahudumu wawili wameacha bila kuaga. Waliobaki wako kwenye mgomo baridi: wanafanya lile tu waliloambiwa, basi. Mama yetu wa jikoni, ana miaka 56, hajazungumza naye ana kwa ana kwa wiki tatu. Maneno yote yanapitia kwangu. Wiki iliyopita meneja aliagiza ndengu kilo 20, stoo wakaleta dengu kilo 20. Kumbe alitaka choroko. Akafoka, wakamcheka.

Tunaye pia mpishi kutoka Lubumbashi, ana miezi minne. Mkono wake mzuri. Ila vikaoni hafungui mdomo tangu siku aliyouliza "juu ya nini?" akimaanisha "kwa nini?" na watu wakaangua kicheko. Haoshi ubao wake akimaliza kukata, na kijana aliyewekwa kujifunza kwake analalamika kwamba anafichwa vipimo. Mwezi uliopita ubao aliokatia kitimoto ulichukuliwa na mwingine ukakatiwa nyama ya mbuzi. Wahudumu Waislamu wakakataa kubeba sahani. Bosi anasema tumwondoe kabla hajafikisha miezi sita. Pasipoti za hawa wageni wawili bosi anazo kwenye sefu, anasema ni kwa usalama.

Halafu kuna vijana wawili wa Ulyankulu, wenye asili ya Burundi. Wao ni raia, lakini wenzao wanawaita "wakimbizi", na wakiulizwa wanasema ni utani. Mmoja ameomba awe anaingia usiku siku zote ili asikutane nao.

Bunge la bajeti linaanza Aprili, vyumba vitajaa. Meneja anataka kila mtu abaki mpaka mgeni wa mwisho aondoke mgahawani, yaani saa 13 au 14 za kazi, na anasema watu wa huku hawapendi kazi. Bosi naye ameniagiza niandike tangazo la nafasi mbili, "awe Mtanzania mwenye lafudhi nzuri", ili tusirudie makosa. Je, hizi ni tabia za watu au ni utamaduni? Na mimi niliye katikati nianzie wapi?

Msimamizi wa Zamu, Ipagala, Dodoma

*

Dada msimamizi,

Pole sana. Kubeba maneno ya watu wasiosemeshana ni kazi nzito, na haimo kwenye mkataba wako.

Barua yako ina mafungu mawili ambayo yamechanganyika, na tunakuomba uyatenganishe kabla hujamwendea mtu yeyote. Kuna mazoea: namna mtu alivyolelewa kuomba, kukataa, kusahihisha, na kukaa kikaoni. Na kuna haki: pasipoti, saa za kazi, kuitwa mkimbizi. Mazoea yanazungumzika na kila upande unasogea kidogo. Haki hazisubiri watu wazoeane. Mahali penye wafanyakazi wa nchi mbalimbali huharibika pale haki zinapojadiliwa kama mazoea na mazoea yanapoadhibiwa kama makosa, na hapo kwenu yote mawili yameshaanza.

Anza na pasipoti, na anza leo. Mwenye jina lake ndiye anayeitunza. Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, kibali cha kazi kinaombwa na mwajiri, kwa kazi iliyotajwa, na hutolewa kwa miezi 24. Maana yake mgeni hawezi kuhama kama wewe unavyoweza kuvuka barabara ukaomba kazi hoteli ya pili. Ukiongeza na pasipoti kufungiwa kwenye sefu ya bosi, unapata mtu anayenyamaza hata anapoona mafuta yanaungua. Bosi akitaka kumbukumbu, atoe nakala ya pasipoti, ya kibali cha kazi na ya kibali cha ukaazi, azitie kwenye faili. Kama hoja ni usalama, kila mfanyakazi apewe kabati lenye kufuli, na ufunguo akae nao mwenyewe.

Saa za kazi nazo hazihusiani na nani anapenda kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku 6. Saa za ziada ni za makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na siku nzima pamoja na hizo za ziada isizidi saa 12. Kwa hiyo saa 13 hazikubaliki hata mfanyakazi mwenyewe akiridhia. Malipo yake yanahesabika hivi: anayelipwa shilingi 390,000 kwa mwezi, gawanya kwa 4.333 upate wiki, kisha gawanya kwa 45. Saa yake ni shilingi 2,000, na saa ya ziada, kwa mara moja na nusu, ni 3,000. Saa zinazoangukia kati ya saa 2:00 usiku na saa 12:00 asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5.

Lakini usimwendee meneja ukiwa umeshamhukumu kwamba ananyonya watu. Kwao Kenya, agizo la jumla la mishahara linahesabu wiki ya kawaida ya saa 52, na likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi. Hapa ni siku 28 mfululizo. Mtu aliyezoea kupanga zamu kwa hesabu ya 52, akiwaona wenzake wa 45 wakibeba mikoba, macho yake yatamwambia ni wavivu. Mpe namba. Kisha mpe na ratiba, maana meneja ukimletea katazo tupu atarudi palepale. Kwa msimu wa Bunge tunapendekeza zamu mbili zinazopishana saa moja: ya kwanza saa 12:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, ya pili saa 8:00 mchana hadi saa 5:00 usiku. Ukitoa saa moja ya mapumziko, kila mtu anafanya saa 8. Kwa siku 6 ni 48, yaani saa 3 za ziada kwa wiki, 12 kwa wiki nne. Mko mbali na kikomo, na mgahawa unafungwa kwa heshima, oda ya mwisho ikipokelewa saa 4:15 usiku. Saa ile moja ya kupishana itumike kukabidhiana.

Sasa tuje kwenye mazoea, ambako ndiko mgomo baridi ulikozaliwa.

Kwetu neno "naomba" linafanya kazi kubwa kuliko maana yake. Tunaomba hata kile tunachokilipia: naomba soda, naomba risiti, naomba unipishe. Mtu aliyekulia Nairobi au Nakuru akisema "nipe funguo" hajaweka ukali wowote ndani yake. Katika Kiswahili cha huko amri fupi ndiyo njia ya kawaida ya kuomba, na adabu inabebwa na sauti na uso. Mhudumu wa Dodoma hasikii sauti wala haoni uso. Anasikia "nipe" na moyo unafunga. Tena usiseme "Wakenya ndivyo walivyo". Angetoka Lamu au Mombasa, huenda angekuzidi wewe kwa unyenyekevu wa lugha. Kinachosikika ni mahali mtu alipojifunzia Kiswahili, na Kiswahili hujifunzwa tena.

Upande wenu nao una lugha ambayo meneja haijui, na hakuna aliyemfundisha. Akiuliza "chumba 12 tayari?" anajibiwa "bado kidogo", kumbe hakijaguswa. Akisema ripoti iwe mezani saa 4, anajibiwa "nitajitahidi". Wewe na sisi tunajua kwamba "nitajitahidi" mara nyingi ni hapana iliyovishwa nguo. Yeye anaandika ndiyo. Saa 4 ikifika hakuna ripoti, anaona amedanganywa, anafoka. Aliyefokewa naye anashangaa, maana alishasema vizuri kwamba haitawezekana.

Dawa yake ni ndogo na inachosha, kwa sababu lazima irudiwe kila siku. Swali la "mmeelewa?" au "tumeelewana?" lifutwe kabisa. Jibu lake kwa mkubwa ni ndiyo tu, aelewe asielewe. Badala yake meneja aseme: "Naomba meza sita za dirishani ziwe tayari saa 12:30 jioni. Niambie utaanza na nini." Mhudumu akianza kueleza, utajua hapo hapo kama vitambaa vipo au viko dobi. Swali la pili liwe: "Nini kinaweza kukukwamisha?" Hilo linampa mtu mlango wa kutaja kikwazo bila kutamka hapana. Na wahudumu nao wafundishwe sentensi moja ya kukataa, waizoee mpaka itoke bila woga: "Kwa saa hiyo sitaweza kwa sababu hii, nitaweza saa fulani." Wafanye mazoezi wawiliwawili kwa dakika tano. Wengine watacheka mwanzoni. Waache wacheke, wairudie.

Kusahihisha kuwe faragha. Pale mapokezi mbele ya mgeni, meneja atoe suluhisho tu: "Naomba nimhudumie mgeni huyu, wewe nisaidie kule." Kosa lizungumzwe ndani ya saa moja, pembeni, kwa mpangilio huu: kilichotokea, madhara yake, kifanywe nini kesho. Asisubiri mwisho wa wiki. Kwa watu wengi wa hapa, kufokewa hadharani ni kuvuliwa nguo, na jibu lake si kelele. Jibu lake ni kunyamaza na kufanya kilichotamkwa tu, kama mlivyo sasa. Kule alikotoka, huenda bosi hufoka saa 3 na saa 4 wanakunywa chai pamoja. Hajui kwamba hapa maneno yale yanalala ndani mpaka msimu ujao.

Kabla hatujaacha suala la maneno: bandikeni karatasi kwenye mlango wa stoo. Safu moja Kiswahili cha hapa, safu ya pili cha Kenya, ya tatu cha Lubumbashi. Choroko kwa Mkenya ni ndengu, na ndiyo maana mmeishia na kilo 20 za dengu. Giligilani ni dania. Makande ni githeri, umeme ni stima. Kwa mpishi, kisamvu ni sombe, mchicha ni lengalenga, maji ni mayi. Kila kosa jipya la neno liongezwe hapo siku hiyo hiyo. Maneno ya wenzenu yakikaa ukutani sawa na ya kwenu, kicheko kinapungua chenyewe. Na oda yoyote inayozidi kilo 5 iandikwe, isipite mdomoni.

Saa pia ziandikwe kwa namna mbili kwenye ratiba: saa 1:00 asubuhi, 07:00. Mkenya hatapotea hapo, lakini mkija kuajiri Mhindi au Mturuki, "saa tatu" itamleta kazini alasiri.

Mpishi wenu tumemfikiria sana, kwa sababu bosi yuko karibu kumpoteza mtu mzuri kwa sababu zisizo zake. Tazama yale makosa matatu.

Ukimya: mtu aliyechekwa lugha yake mbele ya kundi hatafungua mdomo kwa kuambiwa "jisikie huru". Pia zipo jikoni ambako mkuu ndiye anayesema na wengine hujibu wakiulizwa. Mpe ajenda siku moja kabla. Kikaoni zungukeni mmoja mmoja, mkianzia kwa wa cheo cha chini, kila mtu dakika moja: nini kilikwama jana, nini kinahitajika leo. Ikifika zamu yake atakuwa ameshajiandaa, na hatakuwa peke yake aliyeitwa.

Ubao: usimwite mchafu kabla hujamwuliza, "Kule ulikokuwa, nani alikuwa anaosha mbao?" Jikoni kubwa nyingi zina mtu wa kuosha tu, na mpishi akigusa sinki anaonekana amejishusha au anamwibia mwenzake kazi. Mpaka wa kazi ya nani ni ipi hubadilika ukivuka nchi. Muuguzi wetu anayekwenda Ujerumani hukuta kwamba kumwogesha mgonjwa na kumlisha ni kazi ya muuguzi mwenyewe, wakati hapa ndugu ndio wanaokaa na beseni na chupa ya uji. Wapo wanaoona wameshushwa daraja, mpaka waelezwe kwamba huko hiyo ndiyo taaluma. Mpishi wenu naye aelezwe, kwa maandishi: hapa kila mpishi anaosha ubao na kisu chake kabla ya kuhama meza.

Kuhusu kitimoto hakuna haja ya kikao kirefu. Nunueni ubao wa rangi yake, kisu chenye mpini wa rangi hiyo hiyo, sufuria na kikaangio chake, vyote vikae rafu ya peke yake upande wa mwisho wa jikoni na kuoshwa kwa sponji yake. Anayeanza kazi aonyeshwe siku ya kwanza, awe mgeni au mwenyeji. Wahudumu Waislamu waombwe radhi rasmi na meneja, si na mpishi peke yake, kwa sababu utaratibu haukuwapo na kuuweka ilikuwa kazi ya uongozi.

Vipimo kufichwa ndilo jambo gumu zaidi. Mwajiri wa mgeni anatakiwa kuwa na mpango wa kumrithisha mwenyeji ujuzi ule. Ni takwa zuri, lakini jiweke kwenye viatu vya mpishi: siku kijana akijua kila kitu, yeye ana kazi gani? Wenzake wakipita wanasema amekuja kuchukua kazi zetu. Nani angefungua daftari lake? Kwa hiyo mpango uandikwe mbele ya wote wawili. Useme kufundisha ni sehemu ya kazi anayolipwa, utaje vyakula vingapi kwa mwezi, na useme wazi kwamba mkataba wake hautakatwa kwa sababu mwanafunzi amehitimu mapema. Kisha anzeni kadi za mapishi, mbili kwa wiki. Kadi ya wali wa watu 50 inaonekana hivi: mchele kilo 6, yaani gramu 120 kwa mtu, maji lita 9 hadi 10 kulingana na mchele ni mpya au wa zamani, chumvi gramu 90, muda tangu maji yanapochemka, na mstari mmoja wa "kinachoharibu", mpishi aujaze mwenyewe. Mstari huo ndio wenye ujuzi, na jina lake liandikwe chini ya kadi.

Bosi anaharakia miezi sita kwa sababu amesikia kwamba kabla ya hapo mfanyakazi hawezi kulalamikia kuachishwa isivyo haki. Ni kweli sheria iko hivyo, lakini hiyo haimpi ruhusa ya kumwondoa mtu kwa asili yake. Madai ya ubaguzi hayangoji miezi sita. Kama kuna upungufu wa kazi, mpishi aambiwe kwa maandishi ni upi, apewe wiki sita na vipimo vinavyohesabika, kama kadi 12, ubao safi kila ukaguzi na sahani zilizorudishwa na wageni. Sheria inataka pia asiyeelewa maelezo ya ajira yake afafanuliwe kwa namna anayoielewa. Kama mkataba wake uko kwa Kiingereza na yeye kasoma kwa Kifaransa, ukae naye na mtu anayejua lugha zote mbili, kifungu kwa kifungu.

Sasa vijana wa Ulyankulu. Hapa tunaomba usilegeze hata kidogo. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapokelewa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 watu wapatao 162,000, wao na watoto wao, walithibitishwa kuwa raia wa Tanzania. Vijana hao hawahitaji kibali chochote na wala hawana deni la kueleza walikotoka. Kifungu cha 7 cha sheria ile ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, kabila, uraia au mahali mtu alikotoka, na kinahesabu kumsumbua mtu kwa misingi hiyo kuwa ni ubaguzi.

Na utani? Utani tunaupenda na una kanuni zake. Mgogo na Mhehe wanaweza kuambiana maneno mazito na kesho wakazikana, kwa sababu pande zote mbili zimeurithi na kila mmoja ana haki ya kurudisha. Waulize wanaosema "wakimbizi" wanatarajia warudishiwe nini. Anayetupiwa akiwa hana cha kurudisha, na akaomba zamu ya usiku ili akwepe, huo si utani tena. Waambieni wote mara moja kwenye kikao bila kutaja jina la mtu, na iandikwe. Atakayerudia apewe onyo la maandishi. Kijana arudishwe zamu ya mchana akitaka yeye, na aliyemsumbua ndiye ahamishwe. Kwa upande mwingine, waelezeeni meneja na mpishi utani ni nini. Mpishi akimsikia mhudumu akimwambia mwenzake "nitakuja kula wali wa msiba wako", anaweza kudhani ametishiwa kuuawa.

Misiba ya kweli nayo itawagombanisha na meneja kama haijawagombanisha bado. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa kifo cha mwenzi, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu na ndugu wa damu. Jirani na shangazi hawamo, na huku kutokwenda kwa jirani ni aibu ya mwaka mzima. Wekeni utaratibu wa wawakilishi wawili, mchango wa rambirambi kwenye daftari, na kubadilishana zamu kwa saini za wote wawili. Meneja aende msiba mmoja. Akikaa kwenye mkeka nusu saa ataelewa kuliko akielezwa mwezi.

Tangazo lako la kazi tungelibadilisha. Neno "Mtanzania" unaweza kuliweka, maana kwa sheria ya vibali mgeni huajiriwa pale mwenyeji mwenye ujuzi huo anapokosekana. "Lafudhi nzuri" litoe. Nani anaipima? Itawakata vijana wale wale wa Ulyankulu ambao ni Watanzania. Jambo hili limepimwa kwingineko. Huko Toronto, Kanada, mchumi Philip Oreopoulos alituma maelfu ya barua za maombi ya kazi zenye sifa zinazolingana, akabadilisha majina. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba wenye majina ya Kiingereza waliitwa kwenye usaili zaidi ya theluthi moja kuliko wenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika hesabu zake za mwaka 2022, lilikuta ukosefu wa ajira kwa wahamiaji ni asilimia 7.2, kwa wenyeji 5.2. Mahali pa kwanza mtu anapokatwa ni kwenye karatasi, kabla hajaonyesha mkono wake. Kwa hiyo andika kazi yenyewe: "aweze kupokea oda ya meza nne kwa pamoja, kuzisoma jikoni kwa sauti, na kutoa hesabu sahihi." Fungua barua ukiwa umefunika jina na kabila. Waombaji wote waulizwe maswali yale yale matano, kisha kila mmoja ahudumie meza moja kwa dakika 20 huku ukijaza alama. Mpishi apike vyakula vitatu kwa dakika 90.

Umeuliza uanzie wapi. Anzia kwa bosi, na pasipoti pamoja na hesabu ya saa, kwenye karatasi moja. Akikataa, Ofisi ya Kazi ya hapa Dodoma inapokea maulizo, na mgogoro ukishazaliwa njia yake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 tangu mtu aachishwe, siku 60 kwa malalamiko mengine. Muhimu bosi asikie hilo kwako kabla hajalisikia kwa mwingine.

Siku inayofuata kutana na meneja mkiwa wawili, nje ya hoteli. Usimpelekee lawama za wenzako kwa majina. Mpe mambo matatu tu ya kuanzia: "naomba", "niambie utaanza na nini", na kusahihisha pembeni. Hayo mengine yatafuata. Jambo la nne mwombe, usimwamuru: akiingia jikoni asubuhi, kabla hajatazama friji wala daftari, amfuate mama na kumwambia shikamoo. Yeye ni meneja lakini mama amemzidi miaka 21, na kwa desturi ya hapa umri unatangulia cheo mlangoni. Hakutampunguzia madaraka. Jikoni nzima itakuwa inasikiliza.

Mama usimwite ofisini. Mfuate mwenyewe jioni akiwa anachagua mchele, ukae naye, umsaidie kuchagua. Mwambie kijana yule hakufundishwa, sasa amefundishwa, na kesho atakuja kumwamkia. Usimwombe amsamehe wala asahau. Mwombe aitikie tu.